Prosesa ya Laptopu Huamuliwa Siku ya Kununua

Laptopu inapoanza kujikokota, mwenye nayo huishuku prosesa, ile chipu inayotekeleza kazi za kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote. Inaeleweka, kwa sababu jina la prosesa ndilo lililobandikwa kwa stika kando ya kibodi, ndilo muuzaji alilolitaja kwanza, na ndilo linalosomeka juu kabisa kila anapofungua ukurasa wa taarifa za mfumo. Stika yake inasema i3, ya rafiki yake inasema i7, daraja la juu kuliko lake, na hapo ndipo linapozaliwa swali la kama i3 inaweza kung'olewa na i7 ikakaa mahali pake, kama mtu anavyobadili betri ya saa. Swali hilo limepata nguvu mpya tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwani watu wengi waliambiwa na kompyuta zao wenyewe kwamba kinachowazuia kuhamia Windows 11 ni prosesa.

Jibu halihitaji kuzungushwa. Kwa laptopu karibu zote zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2015, prosesa haibadilishwi kwa njia yoyote ambayo mtu angeweza kuilipia akasema amefaidika. Kwa baadhi ya zile za kabla ya hapo inawezekana, na mimi mwenyewe nimeshafanya kazi hiyo kwa mikono yangu. Lakini uzoefu huo huo ndio ulionifanya niamini kwamba hata pale soketi ipo, yaani kikalio ambacho prosesa huchomekwa na kuchomolewa, prosesa inafaa iwe kifaa cha mwisho kuguswa, na kwamba uamuzi kuihusu hufanyika siku ya kununua, si miaka minne baadaye.

Tuanze na enzi ambayo jambo hili lilikuwa la kawaida. Kampuni ya Intel iliuza prosesa nyingi za laptopu zikiwa na pini chini yake, na mtengenezaji wa laptopu akaweka soketi ya kuzipokea kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Core 2 Duo za kuanzia 2007 zilikaa kwenye soketi iliyoitwa P. Kizazi cha kwanza cha Core i kikapata G1. Kizazi cha pili cha mwaka 2011 na cha tatu cha mwaka 2012 vikashirikiana G2. Na kizazi cha nne cha mwaka 2013 kikaja na G3. AMD, mshindani wake, nayo ilikuwa na soketi zake, S1 tangu 2006, kisha FS1 tangu 2011. Ndiyo maana mashine za kiofisi za miaka hiyo, kama vile ThinkPad T420, T430 na T440p, au Dell Latitude E6420, E6430 na E6440, bado zinatafutwa na watu wanaopenda kushika bisibisi. Kizazi cha tano cha Intel kilipoingia kwenye laptopu, hakikuleta hata prosesa moja ya pini, na G3 ikawa soketi ya mwisho ya aina yake. AMD ilifika hapo hapo takriban wakati huo huo.

Mwaka peke yake, hata hivyo, haumpi mtu jibu. Mwaka 2013 Intel iliuza i7-4700MQ na i7-4700HQ, prosesa mbili zinazokaribia kuwa pacha: kori nne kila moja (kori ni kitengo cha kuchakata ndani ya prosesa), kasi ya kuanzia gigahezi 2.4 hadi 3.4, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani) ya megabaiti 6, matumizi ya wati 47. Ya kwanza ina pini na hutoka kwenye soketi kwa kuzungushwa skrubu moja. Ya pili imelehemiwa kwenye madabodi. Vivyo hivyo i5-4300M ni ya soketi, ilhali i5-4300U, ambayo jina lake linatofautiana nayo kwa herufi moja tu, imelehemiwa. Na kuna vinyonga kama i5-3320M, iliyotolewa kwa maumbo yote mawili, kiasi kwamba jina halisaidii kitu. Anayetaka uhakika aangalie ukurasa wa prosesa yake katika tovuti ya Intel, kwenye mstari wa soketi. Akikuta herufi PGA, kama FCPGA946, hiyo ni ya pini. Akikuta BGA, kama FCBGA1168, hiyo imelehemiwa. Yenye maumbo yote mawili huorodheshwa yote mawili, na hapo hakuna njia ila kufungua mashine au kusoma mwongozo wa ukarabati wa laptopu yenyewe.

Kwa nini soketi zilitoweka? Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba watengenezaji walitaka tununue mashine mpya kila baada ya muda. Sikatai kwamba hilo haliwaumizi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na safari hii mnyonge, ajabu, ni kampuni kubwa. Soketi ina kimo. Ni plastiki yenye mashimo mia tisa na ushei, ina sahani inayoteleza ndani yake ili kuzibana pini, na juu yake hukaa prosesa yenye pini zake, ndipo kije kipoza joto. Mwaka 2008 Apple ilipotoa MacBook Air ya kwanza, Intel ilibidi iitengenezee Core 2 Duo ya umbo dogo kuliko la kawaida, na prosesa hiyo ikalehemiwa, kwa sababu mashine nzima, pamoja na skrini yake, haikuzidi milimita 19.4 mahali inaponenepa zaidi. Mwaka 2011 Intel yenyewe ikaanzisha aina ya laptopu iliyoiita Ultrabook, ikaiwekea kikomo cha unene cha milimita 18 kwa skrini ndogo na 21 kwa zile za inchi 14 na kuendelea. Ndani ya vipimo hivyo soketi ingekula nafasi ya betri au ya feni.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Prosesa ya leo imeshameza jirani zake. Zamani kwenye madabodi kulikuwa na chipu ya kusimamia kumbukumbu, chipu ya grafiki, na chipu ya kusimamia diski na bandari za USB. Kisimamizi cha kumbukumbu na grafiki viliingia ndani ya prosesa mapema, na katika zile zenye herufi U za kizazi cha nne hata chipu ya bandari iliwekwa kwenye kipande kimoja nayo. Kwa hiyo kile tunachokiita prosesa siku hizi ni karibu kompyuta nzima, ambayo madabodi inayoizunguka ilichorwa kwa ajili yake tu: njia zake za umeme, idadi ya bandari, aina ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Tukichukua i5-8250U ya mwaka 2017, tunakuta kipande cha milimita 42 kwa 24 chenye miguso 1,356 upande wa chini. Kukibadili na cha kizazi kingine kungekuwa sawa na kuhamisha moyo pamoja na mishipa yote inayotoka ndani yake.

Miguso hiyo ni vidonge vidogo vya lehemu, na hapa inafaa tusogee karibu kidogo, kwa sababu wapo mafundi wanaosema kazi hii wanaiweza, na baadhi yao wanaiweza kweli. Lehemu isiyo na risasi, inayotumika viwandani siku hizi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi. Fundi hawezi kuelekeza hewa ya moto kwenye prosesa tu, kwa sababu bodi ikipata joto upande mmoja hujikunja, na bodi iliyojikunja hukata njia za ndani ambazo hakuna atakayeziona. Lazima aipashe bodi nzima kutoka chini, polepole, kisha aongeze joto kutoka juu kwa mpangilio wa dakika na nyuzi, mpaka vidonge vyote viyeyuke pamoja. Akishainyanyua prosesa ya zamani, anafuta lehemu iliyobaki, anaweka vidonge vipya kwa kutumia kichujio chenye matundu, anaipanga prosesa mpya kwa kipimo kisichovumilia kosa la nusu milimita, na anarudia joto lile lile. Kidonge kimoja kisiposhika, mashine haiwaki, na hakuna namna ya kukiona bila eksirei. Kazi hii ina maana kwa bodi ya gharama ambayo prosesa yake imekufa. Kwa bodi nzima, iliyo hai, ili tu kupata kasi zaidi, ni kumpasua mtu asiyeumwa.

Na hata operesheni ikifaulu, BIOS inaweza kuikataa. Programu hiyo ndogo inayoamsha kompyuta hubeba maelekezo ya prosesa ambazo mtengenezaji alikusudia kuziweka kwenye bodi hiyo, na prosesa isiyomo kwenye orodha yake huachwa ikikaa kimya.

Hili la BIOS ndilo linalowaangusha hata wenye soketi. Nimesema kwamba kizazi cha pili na cha tatu vilishirikiana soketi ya G2. Pini zinaingia bila kulazimishwa, kipoza kinafunga vizuri, na mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha akiwa na matumaini yote. Mara nyingi anachokipata ni skrini nyeusi, kwani laptopu nyingi za mwaka 2011 hazikupewa BIOS inayozitambua prosesa za mwaka 2012. Wenye ThinkPad T420 waliokuwa na subira walilizunguka tatizo hilo kwa kufuta BIOS ya kiwandani na kuweka coreboot, ambayo ni programu huria ya kuamsha kompyuta, lakini hiyo si kazi ya mtu aliyetaka tu Excel ifunguke haraka. Mtego mwingine ni G1 na G2: zote zina pini 988, zote zinaonekana sawa kwenye picha ya tangazo la mtandaoni, na hazibadilishani kabisa.

Kwa hiyo anayeishi na laptopu ya soketi ana maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha. Je, mtengenezaji aliwahi kuiuza modeli hiyo hiyo ikiwa na prosesa anayoitaka, au walau ndugu yake wa kizazi kile kile? Hilo ndilo swali linalojibu mengine kwa mkupuo, kwa kuwa kama ndiyo, basi BIOS inaitambua, saketi za umeme zinaimudu, na mahali fulani kuna kipoza joto kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kipoza kinastahili neno la ziada. Prosesa ya wati 47 ikiwekwa chini ya bomba la shaba lililokadiriwa kwa wati 35 itafanya kazi kwa dakika chache, itapanda hadi karibu nyuzi 100, kisha itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine atakuwa amenunua kelele ya feni. Chaja nayo isisahaulike, kwa sababu ile ya wati 65 iliyotosha kori mbili inaweza kushindwa kulisha kori nne na kuchaji betri kwa wakati mmoja.

Nilipofanya kazi hiyo mwenyewe, ilikuwa kwenye ThinkPad T440p iliyokuja na i5-4300M. Nilichagua i7-4712MQ kwa makusudi, kwa kuwa zote mbili zimekadiriwa wati 37, na hivyo sikuhitaji kumsumbua mtu kuhusu kipoza wala chaja. T440p ni mashine ya kistaarabu kwa jambo hili: unatoa betri, unalegeza skrubu mbili, unasukuma mfuniko wa chini, na kila kitu kiko wazi mbele yako. Nilichomoa waya wa feni, nikalegeza skrubu za kipoza kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili, ili shinikizo lisielemee pembe moja ya silikoni. Pesti ya joto ya kiwandani, inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza, ilikuwa imekauka mpaka ikawa kama chokaa, na hilo peke yake lingenipa fununu kama ningekuwa makini. Nilifuta kwa spiriti na kitambaa, nikageuza skrubu ya soketi nusu mzunguko, na prosesa ikanyanyuka kwa vidole bila kuvutwa. Mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye pembe moja. Ukiilinganisha na alama ya kwenye soketi, inadondoka mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, kuna kitu hakiko sawa. Pesti mpya, kiasi cha punje ya mchele, kipoza kikarudi, feni ikachomekwa. Iliwaka mara ya kwanza, ikafikiri kidogo kuliko kawaida, kisha ikaonyesha jina jipya.

Furaha ilidumu mpaka nilipoanza kupima. Kubadili video kutoka umbo moja kwenda jingine, kazi inayoweza kugawanywa kwa kori zote, kulichukua muda unaokaribia nusu ya ule wa awali. Hilo lilikuwa la kweli na nililifurahia. Lakini kufungua kivinjari, kufungua waraka, kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine, yaani yale mambo yaliyonifanya niione mashine kuwa nzito, havikubadilika hata kidogo. Nilirudi kwenye jedwali la takwimu na nikaona aibu kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa pale tangu mwanzo: i5 ile hufikia gigahezi 3.3 kwa kori moja inapojitahidi, na i7 niliyoinunua hufikia gigahezi 3.3 vilevile. Nilikuwa nimeongeza wafanyakazi, sikuongeza kasi ya mfanyakazi. Na kazi nyingi za kila siku humhitaji mfanyakazi mmoja mwepesi, huku wengine wakikaa kwenye benchi.

Kilichoibadili mashine ile kilikuwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, niliyoiweka wiki iliyofuata badala ya diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huhitaji milisekunde tano na nusu kwa nusu mzunguko tu, kabla hata hujahesabu muda wa kichwa chake kusafiri kutafuta njia ya data. SSD huleta kipande hicho hicho cha data katika sehemu ndogo ya milisekunde moja. Mfumo endeshi unapowaka huomba maelfu ya vipande vya namna hiyo, vilivyotawanyika huku na kule, na hapo ndipo dakika zinapopotelea. Prosesa, iwe i3 au i7, muda huo wote imekaa ikisubiri.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu kubadili prosesa, mimi humwomba kwanza afungue Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyotumika, wakati mashine inapomkera, si wakati imetulia, na aniambie ni safu ipi iliyo juu. Diski ikiwa imesimama kwenye asilimia 100 huku prosesa iko kwenye 15, shauri limekwisha. Kumbukumbu ikiwa imejaa kwenye mashine ya gigabaiti 4, ambayo Windows na kivinjari chenye vichupo kumi huimaliza bila msaada wa mtu mwingine, basi mfumo unaazima nafasi kwenye diski na kila kitu kinakwenda kwa mwendo wa diski. Kuna na hali ya tatu inayodanganya zaidi, pale prosesa inapoonekana kweli iko juu, lakini kasi yake iliyoandikwa chini ya grafu ni gigahezi 0.8 au 1.2 wakati inapaswa kuwa 2.6 au zaidi. Hiyo ni prosesa inayojizuia kwa sababu ya joto, au kwa sababu chaja haitambuliwi. Vumbi kwenye mapezi ya feni na pesti iliyokauka, kama ile niliyoikuta kwenye T440p nikaipuuza, huiba kasi ambayo mtu ameshailipia. Kusafisha na kupaka pesti mpya humrudishia prosesa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo badiliko la prosesa lililo rahisi kuliko yote.

Zipo, bila shaka, kazi ambazo prosesa ndiyo kikwazo kwelikweli. Anayehariri video kila siku, anayekusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo, anayechora majengo kwa vipimo vitatu, ataiona safu ya prosesa ikigonga dari na kukaa huko. Kwa huyo sina dawa ya bisibisi. Laptopu yake ikiwa ni ya soketi, kizazi chake kilichoishia 2013 kimeshapitwa, kwani kufikia 2017 kori nne zilikuwa zimeingia kwenye prosesa za wati 15, na zimeendelea kuongezeka tangu hapo.

Suala la Windows 11 linaangukia papo hapo. Microsoft iliweka mstari, ukiacha vighairi vichache, kwenye kizazi cha nane cha Intel na prosesa za AMD ziitwazo Ryzen za mfululizo wa 2000. Soketi ya mwisho ya Intel iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa za laptopu ni ya kizazi cha nne. Kati ya cha nne na cha nane hakuna daraja la pini, na mwenye kizazi cha saba, ambacho chote kimelehemiwa, hawezi kuvuka ule mto mdogo uliobaki ingawa anaiona ng'ambo. Hakuna prosesa ya kununua itakayoifanya laptopu ya 2013 ikubalike rasmi. Anayeipenda mashine yake ana njia ya Linux, mfumo endeshi huria ambao hauna masharti hayo, na T440p yangu imekuwa ikiishi huko kwa amani.

Njia inayobaki kwa prosesa zilizolehemiwa ni kubadili madabodi nzima, na hii mara nyingi inadharauliwa bila sababu. Laptopu nyingi za kiofisi ziliuzwa kwa modeli moja yenye bodi tofauti, moja ya i5 na nyingine ya i7, zenye matundu ya skrubu yale yale. Bodi ya i7 kutoka kwenye mashine iliyovunjika skrini inaweza kuingia kwenye yako bila ugomvi. Lakini unapoibadili bodi umeibadili kompyuta. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi ya zamani. Chipu ya usalama iliyoshika ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data za diski, imeondoka nayo, na diski itakudai ufunguo wa akiba, ambao watu wengi hawajui hata kama wanao. Ni afadhali kuutafuta kabla ya kushika bisibisi. Bodi iliyotumika ikija na nenosiri la BIOS la ofisi iliyokuwa ikiimiliki, umenunua kufuli lisilo na ufunguo. Na tofauti kati ya i5 na i7 za kizazi kimoja kwenye laptopu nyembamba za miaka ya 2013 hadi 2016 ni ndogo kuliko majina yanavyoahidi: kwa zile zenye herufi U, zote mbili zina kori mbili.

Kampuni ya Framework imeichukua njia hiyo ya bodi na kuifanya kuwa biashara. Laptopu yake ya inchi 13 ilianza kuuzwa mwaka 2021 ikiwa na kizazi cha 11 cha Intel, na tangu hapo imetoa bodi mpya zinazoingia kwenye kasha lile lile, zikiwemo za Ryzen 7040 mwaka 2023 na Ryzen AI 300 mwaka 2025. Prosesa bado imelehemiwa; kinachobadilika ni bodi yote, na mtu anabaki na skrini, kibodi, betri na kasha lake. Hata hapo, aliyetoka kwenye Intel ya 2021 kwenda kwenye Ryzen alilazimika kununua na RAM, kwa sababu ya zamani ilikuwa DDR4 na bodi mpya inataka DDR5. Naiona hii kuwa tafsiri ya kweli ya kubadili prosesa kwa laptopu za leo. Ushahidi upo hata upande wa wale waliojaribu kurudisha soketi: Alienware ilitoa Area-51m mwaka 2019 ikiwa na prosesa za kompyuta ya mezani zinazochomoka, hadi i9-9900K, na mwaka uliofuata Intel ikahamia kwenye soketi nyingine, LGA1200, ikaiacha hiyo i9 kuwa ndiyo mwisho wa ngazi. Soketi bila ahadi ya kizazi kijacho ni mlango unaofunguka ukutani.

Ndiyo maana hasira yangu siielekezi kwenye prosesa iliyolehemiwa. Naielekeza kwenye vitu vilivyolehemiwa kando yake bila sababu inayolingana. SSD ikilehemiwa kwenye bodi, siku bodi inapokufa picha na maandiko ya mtu yanakufa nayo, na haikuwa lazima, kwa kuwa kadi ya M.2, yaani SSD ya kuchomeka, ni nyembamba ya kutosha kwa karibu laptopu yoyote. RAM ina utetezi kiasi: Apple iliiweka ndani ya kifurushi kimoja na prosesa ya M1 mwaka 2020, Intel ikafanya hivyo kwa Core Ultra 200V mwaka 2024, zikipatikana kwa gigabaiti 16 au 32 tu, na ukaribu huo huokoa umeme. Lakini zipo laptopu nene, zenye nafasi tele, ambazo zimelehemewa gigabaiti 8 kando ya prosesa ambayo ingeweza kufanya kazi miaka kumi. Moduli mpya ya LPCAMM2, inayofungwa kwa skrubu na kuchukua kumbukumbu za aina inayokula umeme kidogo, inaonyesha kwamba hata ile hoja ya umeme imeanza kupata majibu.

Mtu anayenunua leo, basi, angefanya vyema kuugeuza utaratibu aliouzoea. Wengi hununua prosesa ya wastani na RAM nyingi pamoja na diski kubwa, wakiamini prosesa watapandisha baadaye. Kama modeli ina nafasi ya RAM inayochomoka na M.2, fedha zinafaa zielekee kwenye prosesa siku ya kwanza, hata kwa kukubali gigabaiti 8 na diski ndogo kwa mwaka mmoja, kwa kuwa hizo zitaongezwa mezani kwa dakika ishirini. Kama RAM imelehemiwa, ianze kutoshelezwa yenyewe, kisha prosesa. Mwongozo wa ukarabati wa modeli husika, ambao watengenezaji wengi wakubwa huuweka wazi kwenye tovuti zao, huonyesha ukurasa kwa ukurasa ni kipi kinachofunguliwa kwa skrubu. Kichwa cha RAM kisipoonekana kwenye yaliyomo, mtu ameshajua kabla hajatoa hata senti.

I5-4300M yangu bado imo kwenye droo, imefungwa kwenye kipande cha sponji ili pini zisipinde. Nimeshatafuta mara kadhaa laptopu ya kuiweka, na kila ninayoletewa imelehemiwa.